Ndege ya Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Likizo imeanza na ndege inakaribia kukamilika. Leo nimefunga kioo cha mbele, yaani ile plastiki ngumu iliyotoka bafuni. Nikakaa kiti cha rubani. Nikaona mawingu kwenye skrini zote tatu bila kuona pazia la chumba cha wageni. Chumba cha wageni! Jina la zamani hilo. Sasa ni chumba cha rubani wa ndege ndogo ya matajiri: viti viwili, injini mbili, kila swichi mahali pake. Nyingi hazifanyi kitu, ila zinabofyeka vizuri sana.

Jirani wa ghorofa ya juu alichungulia. Watu wanamwita Kepteni kwa sababu ana usukani wa plastiki juu ya meza ya chakula na anarusha ndege kwenye kompyuta. Akasema ndege yangu ni kabati. Wivu mtupu. Nimemkaribisha Jumapili ya tarehe kumi na sita aje kunishuhudia nikitua. Sijawahi kutua. Yaani nimewahi, ila si kwa magurudumu.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu kanieleza, kwa upole uliozidi, kwamba mama yake amefanyiwa upasuaji wa goti na Jumamosi anakuja kukaa kwetu mpaka atembee sawasawa. Nikasema karibu sana, nyumba ni yake. Nikauliza atalala wapi. Akatazama mlango wa chumba cha rubani.

Nimepewa mpaka Ijumaa. Ndege isipotoka, ataitwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mimi sitaombwa ushauri. Miaka miwili ya jasho langu! Nimekosa hamu ya kula. Nimekula kidogo tu, mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata!

Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimpigia simu mke wangu, nami nilikuwa nafuta vumbi mlangoni kwa muda mrefu. Mgonjwa akae kiti chenye mgongo ulionyooka. Asukume kwa mguu kitu kigumu kidogo, polepole, asubuhi na jioni. Kiti kilichonyooka ninacho. Kitu kigumu cha kusukuma ninacho pia: pedali za ndege yangu zina springi za godoro, na huwa zinanitoa jasho mimi mwenyewe.

Nikamwendea mke wangu jikoni. Nikajikohoza kidaktari.

"Hii si ndege tena," nikamwambia. "Ni kifaa cha mgonjwa."

Alinitazama mpaka maziwa yakafurika. Mwishowe akakubali, ila mama yake akilalamika mara moja tu, mnunuzi wa vyuma anakuja siku hiyohiyo. Kitanda kitawekwa nyuma ya viti. Sawa tu. Ndege za matajiri zina vitanda. Mambo yanazidi kuwa ya kweli.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kafika na mkongojo, mkoba na mto wake mwenyewe. Alikuwa mwalimu mkuu, na hata baada ya kustaafu anaingia chumbani akitafuta nani hajachomekea shati. Nilichomekea.

Akauliza hiki ni nini. Nikasema ni mashine ya goti, mama. Akauliza kama swichi zote hizi ni za goti. Nikasema nyingine ni za paja. Mke wangu akatoka nje kwenda kukohoa.

Kisha mama mkwe akakaa kiti cha kushoto. Changu! Rubani mkuu hukaa kushoto, dunia nzima inajua. Lakini pedali za kulia nilizibandika kwa gundi, ni za kuonyesha tu, na ubahili huo leo umenitokea puani. Nikakaa kulia, bega kwa bega na mama mkwe, jambo ambalo sikulelewa nalo. Bahati nzuri rubani hutakiwa kutazama mbele.

Jumatatu, 10 Juni

Leo kalalamika. Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi.

Kumbe analalamika kwamba siku tatu anakanyaga na hakuna kinachosogea. Akasema kusukuma bila kufika popote ni adhabu, na adhabu alikuwa akiitoa yeye. Nikawasha kompyuta mbiombio kabla mke wangu hajasikia. Nikamwonyesha: ukikanyaga kushoto, pua ya ndege inakwenda kushoto. Ukivuta usukani, unapanda.

Akasema, kumbe. Akashika usukani, hakuuachia mpaka chakula cha mchana.

Ijumaa, 14 Juni

Sijashika usukani tangu Jumatatu. Nikiamka, namkuta yuko angani. Kazi yangu ni kumsomea orodha ya ukaguzi kwa sauti: mafuta, taa, milango, mikanda. Nikiruka mstari ananirudisha mwanzo. Jana alinituma maji ya kunywa tukiwa juu ya bahari.

Halafu akatua. Magurudumu kwanza, taratibu, katikati ya mstari. Nikamwambia ni upepo tu umemsaidia. Akapaa, akatua tena. Nikamwambia ni upepo uleule.

Keshokutwa Kepteni anakuja. Mpango: mama mkwe atapelekwa kibarazani kupunga hewa, mlango utafungwa, nitakaa kushoto. Mpango huu hauna tundu.

Jumapili, 16 Juni

Ulikuwa na tundu. Mama mkwe alikataa kwenda kibarazani kwa kuwa hajamaliza dozi ya asubuhi. Dozi! Neno lake hilo. Kepteni akaingia, akampa shikamoo, akajiegemeza ukutani na tabasamu lake.

Niliomba kiti. Mama mkwe akanipisha. Nilipaa vizuri, hilo lazima niliandike. Kwenye kutua nilichelewa kidogo. Nikaipita njia ya kutulia, nikaupita uzio, nikasimama ndani ya jengo la abiria, karibu na pale wanapouza magazeti. Kepteni akasema kabati limeanguka.

Mama mkwe akaniomba nimpishe, akairudisha ndege angani na kuituliza chini. Kepteni akasema hata kalamu iliyo juu ya dashibodi haikutikisika. Nikamkumbusha kwamba hiki ni chumba cha wageni, hakitikisiki kamwe. Hakunisikia. Alikuwa anamwita mama mkwe Kepteni.

Imeniuma. Sitaki kuficha.

Jumamosi, 22 Juni

Hospitali wameridhika! Goti linakunjika na kunyooka, na mtaalamu ameuliza mgonjwa alikuwa anatumia nini. Mama mkwe anarudi kwake kesho. Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Mto wake niliufunga mimi mwenyewe.

Mezani nikaona niifungie ndege kamba ya mwisho, asije mtu akataka kuiondoa mgonjwa akishaondoka. Nikasema kifaa kile kimefanya maajabu. Nikasema goti la namna hii huweza kurudi nyuma wakati wowote, mtu akiacha kukanyaga hata wiki moja. Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

Mke wangu akaweka kijiko chini. Akaniuliza, kwa upole uleule wa siku ile, kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa.

"Basi kinakwenda naye," akasema. "Dawa haikatizwi."

Mama mkwe akajiongezea mboga, akasema sebule yake ni pana, itaenea. Akanishukuru sana. Akasema wenzake wana wakwe wanaowanunulia vitenge.

Jumapili, 23 Juni

Lori lilikuja baada ya chai. Nilifungua kila skrubu kwa mkono wangu na kila waya nikaufunga karatasi yenye jina, maana aliyeuunganisha ni mimi na wengine wangeuua. Kepteni alisaidia kubeba. Alikuwa na furaha ya watu wawili.

Mama mkwe alipanda mbele bila mkongojo, akamwambia dereva arekebishe vioo kwanza. Kisha akaniita dirishani.

"Kiti cha kulia ni chako, baba," akasema. "Ukija, njoo na ile orodha."

Wameondoka. Chumba cha wageni kimebaki na pazia na alama za viti sakafuni. Nilikaa pale kati. Nilitaka kulia, nikalia kidogo. Mke wangu akaja na vikombe viwili, akakaa chini pamoja nami, akanishika mkono. Hakunicheka. Nusura nimwambie ukweli wote: mlango, simu, paja, kila kitu. Nilikwisha kuvuta pumzi.

Ndipo akasema, katika kutafuta la kuzungumza, kwamba shangazi yake naye bega linamsumbua tangu alipoteleza bafuni, na huenda akaja kukaa kwetu kidogo.

Nikaweka kikombe chini.

Helikopta ina mkono wa kuvuta, kando ya kiti, upande wa kushoto. Unauvuta juu polepole, unaushusha polepole. Asubuhi na jioni. Na nyuma ya nyumba kuna plaiwudi ambayo lori halikuiona.

Nikamuuliza ni bega lipi.

La kushoto.