Mlango wa Shangazi

Jumatatu, 2 Septemba

Mke wangu ametangaza kwenye chakula cha jioni kwamba Binti Mkubwa atapelekwa chuoni Jumamosi na Shemeji. Kwa gari la Shemeji. Ametangaza huku anapakua, bila kuniangalia, kama mtu anayesema chumvi imeisha.

Nimeacha kula. Kisha nimeendelea, maana chakula hakikuwa na kosa.

Nimeuliza Shangazi ana ubaya gani. Shangazi ndilo gari letu. Tulimpa jina hilo kwa sababu huingia uani kwa kelele, hubeba kila mtu, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia amezeeka. Safu tatu za viti. Binti alianza chekechea akiwa amekaa nyuma yangu humo, miguu haifiki sakafuni. Kitindamimba alitolewa hospitali humo, akiwa na siku mbili duniani.

Mke wangu amejibu kwamba Shangazi anachemsha kwenye kila mlima, taa ya injini inawaka tangu mwaka jana, na mlango hauna adabu. La mlango ni kweli. Ni mmoja tu, wa kusukuma, ubavuni, na hutii mtu mmoja. Binti hukaa mbele nami. Tukifika hushuka wa kwanza, huzunguka, hugonga chini kwa goti, hunyanyua kitasa, na wengine wanatoka. Sisi tukijaribu tunavuta mpaka tunaona nyota. Miaka miwili sasa ndivyo tunavyoishi, na sijaona aliyekufa.

Gari la Shemeji lina viti vitano. Shemeji, mke wangu, Mama Mkwe, Binti, Kitindamimba. Nimehesabu mara mbili. Anayebaki nyumbani ni mimi.

Nimeomba nisikilizwe. Tumefikia makubaliano: Ijumaa jioni Fundi Pole aje amkague Shangazi. Akisema yuko sawa, tunaenda wote. Akisema hapana, mjadala umefungwa. Nimekubali kwa heshima. Nina siku nne.

Jumanne, 3 Septemba

Taa ya injini imezimika. Yaani haionekani. Nimebandika juu yake stika ya nyota niliyoiomba kwa Kitindamimba. Ameuliza nyota ni ya nini. Nimemwambia Shangazi amefanya vizuri shuleni. Ameridhika.

Kioo cha pembeni kilikuwa kinaning'inia. Nimekigandisha kwa gundi ya mbao kutoka kazini. Natunza ghala kwenye karakana ya samani, na gundi ile inashika kabati la milango sita. Kioo ni nini.

Shemeji amepita jioni. Mdogo wake mke wangu huyu, gari lake jipya linaongea. Akiacha mlango wazi, sauti ya mwanamke inamkumbusha, naye anarudi kuufunga mbio, mtu ambaye dada yake hajawahi kumtuma akaenda. Kipya kinyemi. Amemzunguka Shangazi, kisha akagusa tairi kwa ncha ya kiatu. Hakupiga. Aligusa tu, kama mtu anayeangalia mnyama kama bado anapumua. Hilo limeniuma kuliko tusi.

Jumatano, 4 Septemba

Siku mbaya. Niliona bora nimjaribu Shangazi mlimani kabla ya Ijumaa, nikajitolea kumpeleka Mama Mkwe kliniki ya goti. Amekaa mbele, mkoba mapajani, wima, kama yuko sebuleni kwa watu asiowajua. Ameuliza nyota ile ni ya nini. Nimesema ni pambo.

Katikati ya mlima mshale wa joto umepanda. Nimeukazia macho ili ushuke. Haukushuka. Moshi mweupe chini ya boneti, na kioo cha pembeni kikaanguka barabarani chenyewe, bila kuguswa na mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama Mkwe ndiye aliyeisema, kwa upole, akiwa anaitazama nyota.

Tumekaa kando ya barabara tukisubiri rejeta ipoe. Na nani akapita? Kati ya watu wote walioumbwa! Shemeji. Amesimama taratibu, ameshusha kioo, ametoa pole. Mama Mkwe amehamia kwake. Kabla ya kuondoka amenishika mkono na kuniambia, mkwe wangu, gari limechoka, na wewe umechoka, mmoja wenu apumzike.

Sijui alimaanisha nani aanze.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeomba ruhusa kazini na kumwahi Fundi kabla ya ukaguzi. Tunamwita Fundi Pole kwa sababu hutoa pole kabla ya kufungua boneti. Huiinua polepole, huchungulia, hushusha pumzi, na wewe unajikuta umevua kofia.

Leo kasema pole, kachungulia, kashika kifuniko cha rejeta, kakizungusha. Akasema ni hicho tu. Kimelegea, mvuke unatoroka, maji yanakwisha. Amefunga kipya na tumepanda mlima mara mbili. Mshale umelala. Mwaka mzima nimemtetea Shangazi kama mgonjwa wa kufa, kumbe kifuniko.

Kisha Fundi ameuliza kuhusu mlango. Nimemwambia aache. Amesema ni kigurudumu cha chini kimelika, kinatoka kwenye reli, kazi ndogo, nikinywa chai itakuwa tayari. Nimesema sinywi chai. Ameniangalia. Amesema hawezi kupitisha gari ambalo mlango wake unafunguliwa na mtu mmoja. Nimemjibu kwamba mtu huyo atakuwemo garini. Ameuliza, na siku ya pili yake?

Nimemwambia nimekumbuka shughuli.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Mlango huu ndio kazi pekee nyumbani ambayo hakuna anayeiweza ila yeye. Akisikia honi anatoka jikoni na mikono ya unga kuja kutufungulia. Anacheka, anasema nyie bila mimi mngelala garini. Ukitengenezwa leo, kesho kutwa ataondoka kwenye nyumba inayojifungulia yenyewe. Sitaki. Basi, nimesema.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeegesha Shangazi ubavu wa mlango ukiwa umegusana na ukuta wa jirani. Paka asingepita. Mimi mwenyewe nimetokea mlango wa dereva nikijisifu.

Fundi amekuja jioni. Mke wangu amesimama barazani, mikono kifuani, kama jaji. Fundi ametoa pole kwa mazoea. Ameangalia rejeta, breki, tairi. Amebandua nyota, taa imezimika kweli, yeye mwenyewe aliizima jana baada ya kifuniko. Nyota ameirudisha. Kisha ameutazama ukuta. Akanitazama mimi. Akautazama ukuta tena, muda ambao niliona mrefu. Amemuuliza mke wangu kama Binti atasafiri na gari hili. Amejibiwa ndiyo. Basi amesema kwa safari ya kesho halina neno.

Wakati wa kuondoka ameniambia kwa sauti ya chini nimletee Jumatatu bila kukosa. Nimeitikia kwa kichwa, maana kichwa si ahadi.

Mke wangu amempigia mdogo wake simu kumwambia apumzike. Nimesikiliza mazungumzo yote nikijifanya nafagia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumekwenda wote. Godoro nyuma, sanduku, ndoo, Mama Mkwe katikati akiwa amenyoosha goti lake juu ya kiti kizima, mke wangu na Kitindamimba nyuma yake. Binti mbele nami. Mlimani hakuna aliyepumua. Mshale umelala. Binti amenipiga begani na kusema, Baba, Shangazi yako kijana. Safari ya nusu siku, nami ningependa iwe ya wiki.

Chuoni ameshuka, amezunguka, goti, kitasa, mlango. Mara ya mwisho kwa muhula huu. Tumebeba godoro mpaka bwenini. Kitanda chake kiko karibu na dirisha, bawaba za kabati zimelegea, nikataka kubaki nizikaze. Mke wangu amenivuta shati.

Wakati wa kuagana Binti amemwita Kitindamimba mlangoni amfundishe. Weka goti hapa, usigonge kwa nguvu, nyanyua, halafu... Nimewakatiza. Nimesema atachelewa kujiandikisha, haya yatafundishwa siku nyingine. Hakuwa anachelewa. Nilishindwa kusimama pale nikitazama kazi yake ikikabidhiwa kwa mwingine. Amenikumbatia. Mama Mkwe na Kitindamimba wamepanda, mke wangu amehamia mbele, na Binti ametufungia mlango kwa nje. Nimemwona kwenye kioo cha ndani mpaka kona.

Njiani Mama Mkwe ameomba tusimame ajisaidie. Nilikuwa tayari nimeelewa. Nimemwambia kuna mahali pazuri mbele. Baadaye ameuliza tena. Nimesema mbele kidogo. Mara ya tatu hakuuliza, alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa meno yaliyofungwa.

Nyumbani jua linazama. Kitindamimba ameruka viti na kutokea mlango wa dereva. Mama Mkwe, kwa goti lile, hawezi kuruka kiti. Nimefungua buti na kumwomba kwa unyenyekevu apitie huko. Amesema yeye si mzigo. Mke wangu ameniuliza kwa utulivu mlango una nini. Utulivu wake ni jambo la kuogopwa. Nimevuta. Nimegonga kwa goti, nimegonga kwa nyonga.

Shemeji amefika kuuliza habari za safari, akamkuta mama yake amefungiwa. Kaukamata mlango kwa mikono miwili na kuvuta mpaka mkanda wa saa yake ukakatika. Hata katika msiba ule nilifurahi. Naandika kama ilivyo.

Mke wangu amempigia Binti na kuweka sauti ya juu. Binti amecheka kwanza, kisha aliposikia sauti ya bibi yake akaacha kucheka. Amesema mwacheni Baba peke yake. Goti chini, polepole. Nyanyua kitasa. Nimenyanyua na kuvuta. Wapi. Amesema, "Baba, unavuta mapema. Siku zote unavuta mapema. Nyanyua halafu subiri, utausikia ukiachia wenyewe."

Nimesubiri. Wote wamenyamaza, hata Shemeji. Ndani kikasikika kitu kidogo, tik, na mlango ukaja mkononi bila ugomvi wowote.

Mama Mkwe amepita bila kuniangalia, kwa kasi ambayo kliniki haijawahi kuiona. Mimi nimebaki pale na kitasa mkononi. Binti kwenye simu anauliza, umefunguka? Umefunguka, Baba? Mke wangu ndiye aliyemjibu, na amenipa leso yake kabla ya kunigombeza.

Jumapili, 8 Septemba

Nimegombezwa kwa zamu. Nimemwomba Mama Mkwe radhi nikiwa nimepiga magoti. Amenisamehe, na ameagiza kwamba kuanzia sasa atakaa mbele mpaka siku ya kuzikwa, na siku hiyo pia ataangalia.

Nimewaambia wote kwamba nimejifunza. Ujanja basi. Mtoto akikua hazuiwi kwa mlango. Nimeisema vizuri, mke wangu ameguswa.

Jumatatu, 9 Septemba

Fundi Pole amebadilisha kigurudumu. Nimekunywa chai, na kweli ilikuwa tayari. Mlango unafunguka kwa kidole. Kitindamimba ameufungua na kuufunga mpaka jirani akalalamika. Ametoa amri kwamba yeye ndiye anayewafungulia watu, lakini hakuna anayemhitaji, kila mtu anajifungulia. Nimemwonea huruma.

Jioni Binti amepiga simu. Ameongea na mama yake, na bibi yake, na Kitindamimba. Mimi alinisalimia.

Ijumaa, 13 Septemba

Binti kapiga tena. Kwa mama yake. Wameongea habari za mapishi na rafiki mpya wa kitanda cha jirani. Nimepita mbele ya simu mara kadhaa nikiwa na ufagio. Salamu nimeletewa.

Jumamosi, 14 Septemba

Mke wangu, Mama Mkwe na Kitindamimba wametoka na Shemeji. Nimesema nitabaki nioshe gari.

Nimemwosha Shangazi. Nimekaa kiti cha katikati, mlango wazi, upepo unapita vizuri, sauti za uani zote zinaingia. Nimempigia Binti.

Nimemwambia mlango umekwama tena.

Ameshangaa. Ameuliza Fundi si aliutengeneza. Nimesema fundi ni binadamu. Ameuliza kama kuna mtu ndani. Nimesema nipo mimi. Kisha amesema mbona anasikia kuku wa jirani vizuri hivyo, kama niko nje. Nimesema kuku wale wana sauti.

Ameguna. Nilijua amejua. Kisha ameanza, polepole, kama mtu mwenye siku nzima: "Haya, Baba. Goti chini. Usigonge kwa nguvu." Nimeweka goti hewani. "Nyanyua kitasa. Sasa subiri." Tumesubiri wote wawili. Huku tukingoja ameniambia kwamba chakula cha bweni hakina chumvi, kwamba bawaba za kabati bado zimelegea, kwamba usiku wa kwanza alilia kidogo na nisimwambie mama yake. Nimemwambia mimi nililia mchana. Amecheka. Ameuliza, umefunguka? Nimesema bado. Amesema basi tusubiri.

Tumesubiri mpaka gari la Shemeji likasikika kwenye kona.

Mlango hautafaa mara ya pili, mke wangu atampigia Fundi. Wiki ijayo nitasema ni dirisha la nyuma. Nimeshatafuta bisibisi.