Sahani ya Chumba Namba Nne

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mwalimu Egidius katangaza mazoezi ya kufundisha. Makundi ya watu wannewanne, tuchaguane wenyewe, majina yafike mezani kwake Ijumaa kabla ya saa sita. Atakayebaki bila kundi atapelekwa skuli peke yake. Na yeye Mwalimu Egidius atakaa nyuma ya darasa lake kila siku, wiki sita, na daftari mkononi.

Nina miezi saba hapa chuoni Wawi. Niliozungumza nao mpaka sasa: mpishi. Si kiburi. Nilikuwa nawasoma watu kwanza.

Nimeshawasoma. Nataka kundi la Talib. Talib wa Msuka, anayejibu maswali darasani kama anasoma taarifa ya habari, anayepiga pasi hata fulana. Kumwomba siwezi. Mtoto wa kike wa Makangale haombi, huombwa.

Mpango ulikuwa tayari kabla chai haijapoa. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Ukiletewa chakula, unarudisha chombo na chochote ulichonacho, hata iwe ndizi mbili. Kwa hiyo nampelekea sahani. Atalazimika kuirudisha. Akirudisha atasema neno. Akisema nitajibu. Nikijibu, nimo kundini. Sijui kwa nini watu husumbuka na mapenzi miaka na miaka.

Jumanne, 6 Mei

Nimepika mkate wa kumimina. Umeungua upande mmoja, nikaugeuza. Nimeuweka kwenye sahani ya mama, ile ya maua. Nimemtuma Ankita, tunayekaa naye chumba kimoja, ambaye baba yake ana duka la vitambaa Chake. Nilimchagua kwa sababu hana maswali. Jina la Talib sikulitaja, nina haya zangu. Nilimwambia tu apeleke dakhalia ya wanaume, chumba namba nne.

Chumba namba nne wanakaa wawili. Hili sikulipima.

Talib alikuwa ametoka. Aliyekuwepo ni Jecha, yule mrefu anayecheka kabla hajafika mwisho wa mzaha wake mwenyewe. Kaula mkate wote. Alasiri akaja na muhogo wa kuchemsha, lakini ndani ya sahani yake ya bati. Yangu, alisema, ataileta, bado anayaangalia maua. Kasimama kizingitini nusu saa. Kaniambia upande ule ulioungua ndio uliokuwa mtamu. Kaniuliza kama nina kundi. Nikamjibu ninalo na limejaa. Mtu hajitupi hivihivi.

Muhogo ulikuwa mzuri. Hilo halihusiani.

Jumatano, 7 Mei

Hali mpya. Sasa nina sahani yao, nao wana yangu. Yao hairudi tupu. Kwa maneno mengine, mpango unajiendesha wenyewe.

Sikuwa na unga. Ankita akasema yeye anao wa dengu, tukakaanga bajia. Kumbe anazungumza. Kumbe huzungumza bila kumeza mate. Aliniambia tangu afike hapa hakuna aliyemwalika kupika pamoja. Kila mtu husema mwenzetu hali nyama, tusimsumbue, basi wanamwacha na amani yake asiyoitaka. Akaniuliza mie kwa nini sikuwahi kumwita. Nilisema nilikuwa nangoja wakati mwafaka. Akasema aha, na akanipa kitunguu nimenye.

Safari hii Talib alikuwepo. Alikula. Alipenda. Akatoka na fulana yake ya pasi mpaka kwenye dakhalia yetu kushukuru, na akamshukuru Konsolata.

Konsolata ndiye wa tatu chumbani kwetu. Kwao Bukoba, baba yake kahamishiwa Pemba kikazi. Anaimba kwaya, anasalimiana na kila mtu, hata na paka wa jikoni. Siku zote nimemwona kuwa ni hatari. Nililala nimegeukia ukuta mpaka magharibi. Akaja akaketi kitandani kwangu, akasema, we dada, yule kaka kanishukuru kwa bajia zako, nikamwambia si zangu, ni za Mwanawema. Talib akamuuliza Mwanawema ndiye yupi.

Miezi saba. Darasa moja. Ninakaa nyuma yake.

Alhamisi, 8 Mei

Jecha kaleta embe ndani ya sahani ya tatu, ya plastiki. Kaniuliza tena kuhusu kundi. Nimemwambia limejaa zaidi ya jana.

Imebaki siku moja. Kabatini hamna kitu, mvua haikatiki, dukani hakuendeki. Konsolata yuko mazoezi ya kwaya. Juu ya sanduku lake pana kopo. Nikafungua: uduvi, wakubwa, wa kukaanga, wanang'aa kwa mafuta. Nitamrudishia, nilijiambia. Nikawajaza sahanini, nikakamulia ndimu, na safari hii nikamwambia Ankita alitaje jina la Talib, na langu, kwa sauti.

Si uduvi. Ni senene. Ni wadudu. Kwao Bukoba huwanyofoa miguu na mabawa kabla ya kukaanga, kwa hiyo ningejuaje.

Ankita kanisimulia yote. Talib alikula kiganja kizima akisifu uduvi wa Mwanawema, jina langu likiwa kinywani mwake kwa mara ya kwanza. Ndipo akapita Mwalimu Egidius, zamu yake. Akanusa. Akasimama. Akala bila kuketi, akauliza nani kawatoa senene Bukoba mpaka Pemba. Talib akauliza senene ni nini. Akajibiwa. Alikimbilia bombani na hajarudi kwenye hali yake. Jecha akafumba macho, akala, akasema naam, ila ndimu ingezidi kidogo.

Kisha Konsolata akarudi, akaona kopo.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema bibi yake aliwashika mwenyewe, akawakaanga mwenyewe, na yeye alikuwa akila watatu tu, kila siku anapokumbuka nyumbani. Halafu akalia. Kwa machozi sikuwa na mpango wowote. Nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, na kwa kuwa sikuwa na la kusema, nikasema kweli. Sahani, Talib, kundi ambalo halipo, yote. Nilipofika kwenye uduvi akaanza kutikisika. Nilidhani analia zaidi. Alikuwa anacheka. Ankita naye. Walicheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta.

Ijumaa, 9 Mei

Saa nne nikaenda kuangalia orodha mlangoni kwa Mwalimu Egidius. Kundi la Talib: wanaume wanne. Limewasilishwa Jumatatu. Kabla ya mkate.

Nilirudi nikaanza kufikiria wiki sita na lile daftari. Konsolata alikuwa na karatasi mapajani. Ameandika jina lake, la Ankita, na langu katikati. Hakuniuliza. Tulikuwa tumepungukiwa na mmoja, saa tano na nusu.

Nikatembea kwa miguu yangu mpaka dakhalia ya wanaume, mikono mitupu, nikamwita Jecha mbele ya watu. Nikamwambia kundi langu halijajaa. Akasema anajua, hajawahi kuona kundi linalojaa kila siku. Alikuwa amekwisha vaa kanzu ya sala. Alikimbia nayo.

Mwalimu Egidius aliipokea karatasi saa sita kasoro dakika nne. Alilisoma jina la Konsolata mara mbili, akamsalimu kwa Kihaya, akauliza kama kopo limebaki na chochote. Konsolata akamjibu kuwa bibi yake atatuma jingine. Tumepangiwa Makangale, kwetu, sote wanne. Mama atapika mpaka sufuria zilie.

Nimeshinda. Nimeshinda kila upande.

Jumapili, 11 Mei

Nimepitia wiki yote kwa utulivu. Hakuna hatua hata moja iliyokosewa. Rafiki wawili, kundi kamili, skuli niipendayo. Konsolata anasema yote yametokea licha ya mipango yangu. Hajui kupanga, maskini.

Leo Jecha kanipata uwanjani. Hakuzunguka. Kasema tukifika Makangale angependa kwenda kumsalimia mama yangu, na anataka mama ajue kwa nini anamsalimia. Akaniuliza kama nimeridhia. Alikuwa hacheki. Moyo wangu ulijibu ndiyo kabla yeye hajamaliza. Mdomo ukasema nitafikiri.

Nimefikiri. Ni ndiyo. Lakini ndiyo ya bure haina heshima. Inafaa asikie kwanza kwamba kuna daktari wa Wete anataka kuniposa, akonde siku mbili tatu, ndipo nimwokoe. Ankita kakataa kupeleka habari hiyo. Konsolata kakataa, tena kanirushia mto.

Hapana neno. Nitamtuma Talib. Sasa jina langu analijua.