Jagi la Tisa

Jumatano, 11 Juni
Pipa langu limehukumiwa! Mke wangu kasema mbele ya watoto kwamba amechoka kuoga akiwa amejibana ukutani kama mjusi. Jumapili litoke bafuni. Nikamweleza bia ya tangawizi haitaki haraka. Akajibu kwamba hana haraka, ana mpaka Jumapili. Nikambembeleza, akalegeza kidogo: mtu mmoja asiye ndugu yangu aisifu, pipa libaki. Mmoja tu! Miezi minane hajapatikana. Jirani alionja, akahama. Kwa sababu nyingine, nadhani.

Ijumaa, 13 Juni
Bahati hii! Kesho jioni, kwenye makumbusho ya sanaa ninakolinda, kuna hafla ya kuonja bia za watengenezaji wadogo. Majagi manane, wageni sitini. Nitapenyeza la tisa. Kero ni Tai, mlinzi mwenzangu mvaa tai, aliyepewa kazi ya kumimina eti ana shati jeupe. Mimi nisimame kando ya picha ya machungwa matatu. Nina mashati meupe mawili!

Jumamosi, 14 Juni
Nimeingia na bia ndani ya chupa mbili za chai. Tai akauliza chai yote ya nini. Nikasema nina mafua. Akajitenga upesi, nami nikaimimina kwenye jagi, likafika nusu, nikaliweka mwisho wa meza.
Saa nzima na machungwa. Kurudi, jagi limejaa pomoni! Bia imeumuka, na hakuna aliyeigusa. Iliniuma. Nikalibeba mwenyewe, nikamjazia Mkurugenzi glasi. Akafumba macho. Akasema hajawahi kuonja kitu chenye ladha nyingi namna hii. Akaomba nyingine! Wageni wakapanga foleni. Tai alikuwa akinipungia mikono kutoka mbali. Kijicho!

Jumapili, 15 Juni
Nimemwonyesha mke wangu kadi ya Mkurugenzi: "Bia ya ajabu," na sahihi. Kaisoma, kaigeuza, kaisoma tena. Pipa linabaki. Kaenda kuoga amenuna.

Jumatatu, 16 Juni
Tai kanieleza, tena kwa furaha. Mwisho wa meza ndipo linapokaa jagi la masalia. Mgeni akionja, humwaga humo kilichobaki. Wengine hutema. Ndivyo bia inavyoonjwa na waungwana! Na mimi nimemnywesha Mkurugenzi mara mbili.
Niliona aibu mpaka saa nne. Kisha Mkurugenzi akanijia: anataka pipa zima mwisho wa mwezi, ladha ileile. Ningeweza kusema ukweli. Lakini msingi si wangu? Kilichokosekana miezi yote ni wageni tu!
Nimewaalika mashemeji wote kumi na wawili Jumamosi. Waonje, wasimalize. Pipa la pili, la masalia, nimeshaliingiza bafuni. Mlango unafungika ukiusukuma kwa bega.
Mke wangu kauliza yeye ataoga wapi. Anapenda kukuza mambo. Nyumba ya jirani bado haijapata mpangaji.