Kopo Chini ya Benchi la Sauna

Jumatatu, 18 Agosti
Jumapili Ylva anarudi Stockholm. Kiangazi chote, kama mwaka jana, amekaa kwa shangazi yake, jirani yetu kabisa, nami nimemwambia maneno mawili: hujambo, na samahani (nilimkanyaga). Nimesomeshwa Kiswidi, nikasomeshwa na Kifini cha mama. Lugha mbili nzima! Akitokea Ylva zote zinaniruka.

Leo kaja kuazima reki ya babu. Akaniuliza kama nami naisubiri Alhamisi, siku ya kufungua makopo ya surströmming. Nikajibu naipenda kuliko chakula chochote duniani. Mimi! Mimi ambaye kila mwaka, wale samaki waliochacha wakifunguliwa, nasingizia jino! Akasema, "Haya bwana, shujaa," akaenda zake. Shujaa. Nitalala na neno hilo.

Jumanne, 19 Agosti
Mpango: mazoezi. Nikila kidogo leo na kidogo kesho, Alhamisi nitakula mbele yake bila kutapika. Nimechukua kopo kwenye chumba cha baridi cha babu, nikalitia ndani ya sweta. Binamu yangu Melker, ambaye hula samaki hao kama karanga, kanikuta njiani akauliza nina mimba ya miezi mingapi. Nikasema ni mpira. Kopo liko sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, chini ya benchi. Hakuna anayeingia huko kabla ya Jumamosi.

Jumatano, 20 Agosti
Mama kaingia. Mgongo ulimuuma, akawasha jiko la sauna. Kila mtoto wa huku anajua kopo lile likipata joto linafura. Hata mimi najua! Nilikumbuka nilipousikia mlipuko. Mama katoka mbio na taulo, anatukana kwa Kifini. Kwa bahati mbaya nakielewa. Babu hakuuliza ni nani. Kasema tu, "Mjukuu wangu, kopo hufunguliwa nje, ndani ya ndoo ya maji, na mtu mwenye akili." Nimesugua mbao kutwa. Nimeoga baharini, nimerudia. Paka bado ananikimbia. Ylva kapita barabarani na baiskeli, nikajificha nyuma ya kuni. Alikuwa anaimba.

Alhamisi, 21 Agosti
Sherehe uani kwa babu. Meza ndefu, mkate mwembamba, viazi, vitunguu, makopo yanazomea ndani ya ndoo. Nimemwekea Ylva nafasi kwa sweta yangu. Melker kaikalia sweta. Kala, kalamba vidole, kisha kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Kula basi, bwana sauna! Au umeshiba harufu?" Nikala. Sijui nilimezaje. Machozi yakanitoka, nikasema ni ya furaha. Nikageuka Ylva anione.

Kumbe yuko kule mwisho wa ua, upepo unakotokea, anakula soseji na watoto wadogo. Kiti cha pembeni yake kitupu. Kitupu jioni nzima! Sikuinuka. Ningesema nini?

Jumapili, 24 Agosti
Ameondoka.

Alikuja kuniaga kabla ya kupanda gari. Kasema hajawahi kuivumilia ile harufu. Mwaka jana aliniona dirishani, nimeshika shavu, nakula soseji peke yangu jikoni, akafurahi kwamba kumbe yuko mwenzake. Mwaka huu kaniwekea kiti, akidhani Jumatatu nilikuwa natania. "Lakini wewe kumbe wawapenda kweli samaki hao, hadi unalia." Ilibaki sentensi moja tu ya kusema, kwa lugha yoyote.

Kisha akasema atarudi Krismasi. Akaniuliza, kama mtu anayetafuta pa kuegemea, na lutfisk je? Yule samaki wa kulowekwa magadi mpaka anatetemeka kama kamasi, naye namweza?

Nikamwambia naila kwa bakuli.

Mkono wake ulibaki nje ya dirisha mpaka kwenye kona. Nimesimama barabarani mpaka vumbi likatua, na baada ya hapo nikazidi kusimama. Krismasi ni mbali mno.

Babu anasema lutfisk huchukua siku nyingi kulowekwa. Vizuri, nitaanza mazoezi mapema. Nahitaji beseni tu. Mahali pa kulificha ninapo: sauna sasa hakuna anayetaka kuingia.