Kwa Nini Kamati ya Uaminifu Haikusimama

Umma unafahamishwa, na wasiosikia waambiwe na majirani, kwamba Kamati ya Kupima Uaminifu wa Wateja ingali hai na ina afya njema, na kwamba yanayosemwa mitaani kuhusu kikao chake cha juzi yametiwa chumvi. Nilikuwa mwenyekiti. Nitaeleza kwa utulivu, wanaocheka wacheke nje.

Kazi yetu pale benki ni kuamua nani apewe kadi ya mkopo. Utaratibu niliubuni mwenyewe: faili likishasomwa, anayekubali anaketi, anayekataa anasimama. Kumkatalia mtu ni kazi nzito, lazima na mwili ushiriki. Wajumbe, kwa uhuru kamili wa mawazo, walikuwa wakisimama kila niliposimama mimi.

Siku hiyo aliitwa fundi cherehani mwenye duka chini ya jengo letu, ambaye kila mtu anamwita Mama Vifungo. Tulikuwa tunamjua vizuri. Hata suruali niliyovaa ilikuwa kazi ya mikono yake, na malipo yake yako mbioni. Alipoomba kadi mara ya kwanza, tulimkatalia kwa sababu hajawahi kukopa. Mtu asiyekopa ni kiza kitupu, utamwaminije? Akaenda, akachukua mkopo wa cherehani, akarudi. Tukamkatalia kwa sababu sasa ana deni, na mwombaji mwenye mzigo haongezewi mzigo. Akalipa deni lote kabla ya muda. Hapo ndipo alipotuudhi.

"Mama," nikamwambia, "kukopa ulikopa vizuri. Lakini umelipa upesi mno. Benki ilishaizoea riba yako, mara ghafla, kimya. Sisi tukueleweje?"

"Mheshimiwa, nililipa ili mniamini."

"Anayekimbilia kulipa, kuna jambo analikimbia."

Katibu akaliandika hilo, akalipigia mstari.

"Jamani, kadi siitaki kwa maringo," akasema Mama Vifungo. "Nimepata kazi ya sare za shule nzima. Zipu naagiza ng'ambo, na muuzaji hapokei chochote ila kadi. Nisipolipia leo, kazi anapewa mwingine. Na vitambaa nimeshakata vyote! Nitavila?"

Iliniuma kidogo, sitasema uongo. Lakini kanuni ni kanuni, na pale pembeni alikuwepo mkaguzi kutoka makao makuu, mama mmoja mkavu ambaye hacheki hata umlipe. Nilitaka aone watu wanaojua kazi. Nikavuta pumzi, nikajaza kifua, nikaanza kunyanyuka.

Trrraa!

Upepo ukaniingia mahali ambapo upepo hauna ruhusa. Nikarudi kitini upesi. Wajumbe, waliokuwa wameshanyanyua makalio nusu, wakanitazama, wakarudi nao.

"Kamati imeketi," akasema mkaguzi. "Kwa hiyo mama amepata?"

Nikabana magoti. "Kamati imeguswa na moyo wake wa kulipa."

Mama Vifungo alilia palepale, akajifuta machozi kwa utepe wake wa kupimia, kisha akatoka mbio kwenda dirishani kuchukua kadi kabla hatujabadili mawazo.

Mafaili yakaendelea, nami sikubanduka. Kinyozi aliyekopa akasahau kwamba amekopa: akapata. Jamaa aliyekuwa anadaiwa na benki zote mjini, pamoja na mama mkwe wake: akapata. Mzee mmoja aliyechungulia kuuliza choo kiko wapi akapata kadi ya dhahabu, na akaonyeshwa choo.

Mkaguzi akafunga kalamu yake. "Nimekagua wengi, ila kamati ya kukubali kila kinachopita mlangoni sijaiona. Basi tutumie utaratibu wenu wenyewe. Anayemwamini mwenyekiti, aketi. Asiye..."

Walisimama wote kabla hajamaliza. Katibu alisimama juu ya kiti.

"Asante," akasema mkaguzi. "Ndugu, tupishe. Kiti kinahitajika."

"Nitakaa kidogo," nikasema. "Natafakari."

Wakati huo Mama Vifungo alikuwa amerudi kushukuru, kadi mkononi, zipu zimeshalipiwa. Alinitazama mara moja tu nilivyobana magoti, akaelewa. Akanisogelea, akainama sikioni.

"Imeachia nyuma, baba? Si nilikwambia tuache nafasi, ukasema wewe hunenepi?"

"Dada yangu, nisitiri. Sindano unayo?"

"Ninayo, na uzi wa rangi hiyohiyo."

"Basi nishonee hapahapa nilipo. Nitakulipa mwisho wa mwezi."

Akajinyoosha. Alipojibu hakunong'ona tena.

"Hata suruali yenyewe hujailipa, baba. Na mwombaji mwenye mzigo haongezewi mzigo. Taslimu!"

Wajumbe wote wakageuka. Mkaguzi naye, ambaye hacheki hata umlipe, alikuwa ameziba mdomo kwa faili.

Naomba ieleweke kwamba hela nilikuwa nazo. Zilikuwa kwenye pochi, na pochi ilikuwa mfuko wa nyuma.

Nikasimama.