Katibu wa Feri

Jumanne, 24 Machi. Fridley, kando ya Minneapolis.

Janga! Mama amerudi kutoka zamu na habari: Jumapili ya Pasaka nitatoa ushuhuda wa vijana kanisani. Kwa Kiswahili. Kwa maikrofoni. Mbele ya kila mtu, pamoja na wale wanaokuja Pasaka tu! Eti kwa kuwa nilisoma Eldoret hadi darasa la tano, Kiswahili changu bado kina nguvu. Nikamwambia apewe binamu yangu Kiprop. Kiprop wa Golden Valley anaweza kuhutubia friji. Mama akasema friji haijui kwamba Kiswahili cha Kiprop ni “sasa”, “poa” na majina ya vyakula.

Krismasi nilipewa mstari mmoja nisome. Niliusomea stendi ya maikrofoni. Sauti ilitoka kama ya kifaranga kilichokanyagwa. Sirudi pale. SIRUDI.

Nimepata mpango. Jumamosi tunaenda Visiwa vya Virgin, kule Karibiani, kumtembelea Anti Lois, mdogo wake Mama, aliyepata mkataba wa unesi Sent Tomas. Kule unazunguka visiwa kwa feri. Na Mama huchelewa kila mahali. Baba anaapa hata harusini alimngoja mpaka maua yakalala. Kwa hiyo nimejitolea kuwa katibu wa feri. Tukizipata feri zote nilizopanga, ushuhuda anautoa Kiprop. Tukikosa hata moja, nautoa mimi, bila karatasi.

Mama alicheka mpaka akaketi. Halafu akanipa mkono. Mkataba!

Jumatano, 25 Machi

Kiprop amepiga simu. Amesikia. Anasema anakuja safarini na sisi kwa sababu moja tu sasa, na sababu hiyo si kuogelea. Vita.

Jumamosi, 28 Machi. Sent Tomas.

Fridley tumeacha theluji nyeusi kando ya barabara. Hapa nimeshuka ndegeni na koti la baridi, watu wakanitazama kama mgonjwa. Anti Lois alitupokea na chapati za moto ndani ya foili. Magari yanapita kushoto kama nyumbani Eldoret! Mama alifurahi akataka kupewa usukani papo hapo. Anti Lois akasema hana bima ya furaha.

Kabla hatujaingia ndani kwake Kiprop alikuwa amejua jina la jirani yake, dereva wa teksi, la mkewe na la mbwa wao. Mimi nilisema “hi” kwa mbwa. Nadhani alisikia.

Jumatatu, 30 Machi

Feri ya kwanza: kutoka gati la Red Hook, hapa Sent Tomas, kwenda Sent Jon, kisiwa cha pili. Inaondoka saa nne. Nikamwambia Mama saa tatu. Ujanja huu nimeutoa kanisani kwetu: kadi ya harusi ikisema saa sita, jua bwana harusi bado anaoga. Tatizo ni kwamba Mama ni mtu wa kanisa hilohilo. Akaongeza saa yake ya kuchelewa. Tukafika tukihema, kamba ikiwa mkononi mwa baharia. Tukapanda! Nilijiona nahodha.

Tulipokaa tu, Kiprop akauliza kwa sauti kubwa mbona ratiba pale ukutani ilisema saa nne. Mama akanigeukia polepole. Sijaona kisasi kibaya zaidi mwaka huu.

Jumanne, 31 Machi

Leo Kisiwa cha Water. Ni kidogo, na boti yake ni ndogo pia. Sasa Mama haamini saa yoyote inayotoka kinywani mwangu. Nikamwambia ukweli mtupu, akasema haya, kwa hiyo tuna saa nzima, akaanza kusuka nywele za Anti Lois.

Dhiki. Nikachukua mkoba wake, nikapanda nao teksi ya jirani mpaka gatini. Nikakaa nao botini, nimeukumbatia. Mama anaweza kuacha watoto, mkoba hapana. Walifika mbio, Mama ameshika dera kwa mikono miwili, Anti Lois nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Tukapanda! Feri ya pili!

Mama aliniambia nikirudia atanisahau kisiwani kama mwavuli. Mawimbi yalikuwa makubwa. Nikatapika ndani ya kofia ya Kiprop. Si kwa makusudi. Karibu si kwa makusudi.

Alhamisi, 2 Aprili. Sent Jon, sakafuni kwa Mama Maureen.

Naandika kwa uchungu.

Ilibaki feri moja tu katika mpango wangu: ya saa kumi na moja jioni, Sent Jon kurudi Red Hook. Tulikuja asubuhi vizuri kabisa. Lakini Mama hawezi kukaa kisiwani bila kutafuta Mkenya. Alimpigia mtu wa Oakdale, karibu na kwetu Fridley, wa Oakdale akampigia mtu wa Nakuru, na kufikia mchana tulikuwa sebuleni kwa Mama Maureen, anayeishi dakika chache kutoka gatini. Chai. Maandazi. Wimbo. Maombi. Kila nikisimama, Kiprop, ambaye tumbo lake lilikuwa ngoma tayari, anaomba kikombe kingine. Mhaini!

Hatimaye tukaaga. Mama Maureen akatusindikiza. Mpaka mlangoni, wakasimama. Mpaka getini, ikaanza habari ya shamba fulani la Molo. Mpaka barabarani. Wakisema “haya basi”, inazaliwa hadithi nyingine. Feri ikaingia. Tukafika gatini, na shamba la Molo lilikuwa bado halijapimwa.

Hapo nikapata wazo bora kuliko yote. Nikamnong'oneza Mama: kwa nini wasimame juani? Waagane ndani ya feri, wameketi. Mama akamwambia Mama Maureen kwamba mtoto huyu, jamani, ana adabu. Mkata tiketi anamjua, akampungia apite. Wakaketi. Wote ndani! Nilikuwa nimeshinda!

Kisha nikaona baharia anafungua kamba.

Neno moja lingetosha. Shuka! Lakini watu wazima walikuwa katikati ya mazungumzo, na feri ilikuwa imejaa watalii wenye masikio. Nikanyoosha mkono. Kama darasani. Hakuna aliyeniita.

Tukaondoka. Mama Maureen akaendelea na Molo hadi nyumba zilipokuwa ndogo. Akatazama ndala zake. Akatazama maji. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ameacha githeri yake ya mahindi na maharagwe kwenye moto. Akarudia kwa sauti ambayo si ndogo. Simu yake nayo ilikuwa nyumbani, karibu na sufuria.

Kiprop akakimbia kwa nahodha. Bila shaka walikuwa wanajuana! Nahodha akasema feri haigeuki kwa ajili ya githeri, ila akaita gatini kwa redio, na mtu akatumwa kuzima jiko. Abiria wakampigia Kiprop makofi. Mimi mkono wangu ulikuwa bado juu.

Kufika Red Hook, nikadhani yameisha. Feri zote nimezipata! Mama akanishangaa. Mtu aliyetusindikiza aachwe arudi peke yake? Kwa ndala? Tukamsindikiza. Sote. Sent Jon tena. Githeri ilikuwa imeshika chini tu, kwa hiyo ilibidi iliwe. Kisha chai, kwa kuwa tumerudi. Kisha Mama Maureen akatusindikiza. Mlangoni. Getini. Tukiwa getini tukaona taa za feri ya mwisho zikiondoka zake.

Kiprop amelala kwenye kochi. Anatabasamu usingizini.

Ijumaa, 3 Aprili

Kesi imesikizwa mezani, kwa Anti Lois. Nilijitetea vizuri, kwa mnong'ono. Nikasema feri zangu zote nilizipata, na nyingine nikaongeza bure. Ile ya mwisho haikuwa kwenye mpango. Kiprop, kiongozi wa mashtaka, akauliza kama familia ililala ilipopanga kulala. Mama akamaliza yai lake. Akasema feri ni feri. Akasema pia nianze kufanya mazoezi mbele ya kioo.

Nimejaribu. Kioo kimenitisha.

Jumapili, 5 Aprili. Fridley.

Nilikuwa na mpango wa akiba. Nilimwandikia Mzee Timothy, msimamizi wa ibada (kwa meseji, nani aongee?), ushuhuda wangu uwe baada ya sala ya kufunga. Watu wakishatoka, nitazungumza na viti. Akakubali haraka mno.

Sala ikafungwa. Watu wakatoka. Nikashika maikrofoni mbele ya viti vitupu. Amani! Mzee Timothy akaniuliza mbona niko ndani. Watu wote walikuwa kwenye maegesho, wanasindikizana. Nusu ya kanisa inasindikiza nusu nyingine, na hakuna gari hata moja lililowashwa. Akashika spika, akaivuta hadi nje.

Nikasimama kwenye ngazi, nimeng'ang'ania stendi ya maikrofoni. Kifaranga kilekile. Mtu mmoja akasema, ongeza sauti, Katibu! Ushuhuda wote ulikuwa umenitoka kichwani. Kilichobaki ni feri. Basi nikasema feri. Nilisema harusi na maua, mkoba, kofia, Molo. Nilipofika kwenye kunyoosha mkono, wakacheka mpaka mama mmoja akashikilia kioo cha gari lisilo lake. Nami nikawa nimeachia stendi, bila kujua. Mzee Timothy akafunga kwa kusema Bwana hutuona hata tukinyoosha mkono tu. Mama alijifuta macho. Anasema ni upepo.

Kiprop ameniuliza kama nimejifunza kitu. Nimejifunza sana. Mama Maureen amepiga simu: anakuja kututembelea Juni, na siku ya kurudi lazima mtu ahakikishe anaiwahi ndege yake. Nimejitolea kabla Mama hajamaliza sentensi.

Mpango uko tayari. Tutampeleka kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege, pale katikati ya Minneapolis. Hakuna kusimama barabarani, hakuna geti. Yeye na Mama wataagana ndani, wameketi. Milango ya treni ile inajifunga yenyewe.