Jipu la Dereva Mpya

Jumanne, 3 Machi
Jipu! Na limechagua wapi? Kalio la kushoto. Mwili mzima huu, likaona hapo ndipo pa kujenga. Jumatatu naanza kazi ya udereva wa basi, kazi niliyoihangaikia tangu tuhamie nchi hii. Sasa basi linaendeshwa mtu amesimama? Nisipoweza kukaa, nimekwisha.

Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenyeji wa hapa miaka na miaka, anasema nipige simu zahanati ya mtaa wetu, nijiandikishe, niseme kinachoniuma. Eti bure kabisa. Nimemcheka. Kitu cha bure hakikosi njia ya panya, na panya mwenyewe ni mimi.

Jumatano, 4 Machi
Nimedamka kuwahi foleni zahanati. Foleni hakuna! Nilikuwa wa kwanza na wa mwisho. Mlango ulipofunguliwa, dada wa mapokezi akaniuliza miadi yangu ni saa ngapi. Nikasema mimi ni ndugu yake daktari. Daktari yupi? Yule bwana mrefu. Kumbe madaktari wote pale ni wanawake, tena wafupi! Nikaomba samahani, nikatoka polepole, maana hata kutembea kunauma.

Shemeji kapata habari. Kacheka mpaka kapaliwa na chai. Afadhali.

Alhamisi, 5 Machi
Akili ni mali. Nimekwenda hospitali kuu, kitengo cha dharura, nimeshika kifua. Mbiombio wakaleta kiti cha magurudumu. Nikakataa kukaa. Wakasema huyu kazidiwa, wakanibeba, wakanilaza. Chali! Juu ya jipu! Nilipiga ukunga, wauguzi wakajaa chumbani. Wakanibandika nyaya kila mahali isipokuwa panapohusika.

Daktari, mama wa makamo, umri wa mama mkwe wangu, akanipongeza: moyo kama wa fahali. Akauliza kama kuna jingine linalonisumbua. Nimwoneshe kalio mtu mzima kama yule? Nikasema hakuna, nikaenda zangu.

Ijumaa, 6 Machi
Nimesalimu amri. Nimepiga simu zahanati, wameniandikisha, wamenipa miadi leo hii hii. Mke wangu akataka kunisindikiza. Nikamwambia mwanamume mzima hasindikizwi. Akavaa viatu.

Daktari akaniuliza hali yangu. Nikajibu kama nilivyolelewa: nzuri, namshukuru Mungu. Nyumbani? Hawajambo wote. Nalala vizuri? Vizuri mno. Akafurahi, akanipa mkono, akanitakia siku njema, akafungua mlango. Ala! Kwetu shida husemwa baada ya salamu, na mimi nilikuwa bado kwenye salamu!

Mke wangu uvumilivu ukamshinda. Akamwambia daktari: huyu ana jipu kalioni, Jumatatu anaanza kazi ya kuendesha basi, na mimi nimechoka kumpakulia mtu anayekula amesimama kama farasi. Nilitamani ardhi inimeze. Haikunimeza. Nikalazwa kifudifudi, likatumbuliwa.

Raha! Raha jamani! Nimelia machozi. Daktari akaniomba radhi, akidhani ameniumiza.

Jumatatu, 9 Machi
Nimekaa! Nimeendesha basi kutwa, nimekaa kama sultani. Hata wenzangu walipokwenda kunyoosha miguu, mimi nilibaki kitini, nafaidi. Bibi mmoja akashuka ananiombea dua kwa kuendesha taratibu. Jioni nimemkumbatia mke wangu. Nimemkumbatia hata shemeji. Akanipapasa kipaji cha uso kama nina homa.

Jumatano, 11 Machi
Jino! La nyuma, linapwita kweli kweli. Mke wangu anasema nipige simu, nitaje jino, basi. Shemeji naye vilevile. Nawasikitikia. Kati yetu ni nani aliyezunguka hospitali za mji huu, wao au mimi? Kosa langu nimeshalijua: kifua wamekizoea, kila mjanja huja na kifua.

Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya kuchechemea. Mguu wa kulia. Jino lenyewe liko kulia, lazima mambo yalingane.